Ukumbi wa harusi uliokataa dini yetu

Tangu harusi ya mdogo wangu ipite, watu wa Kamalondo, hata wa Katuba na Kenya, sehemu za mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, wananijia na swali moja: "Yaya (dada mkubwa), mlifanyaje mpaka yule papa, yule mzee mwenye ukumbi, akarudisha pesa?" Mzee huyo alipokea malipo yetu ya kwanza, halafu akakataa harusi yetu kwa sababu ya dini. Swali hilo nimelijibu kwenye simu, sokoni, hata msibani. Naliandika lote hapa, pamoja na gharama na machungu yake, kwa sababu harusi haziishi na najua sisi si wa mwisho kuambiwa kwamba nyumba ya biashara haipokei watu wa dini fulani.

Sisi ni Waislamu. Babu yetu alitoka Kasongo, kule Maniema, akaja Lubumbashi enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière, akafanya kazi, akaoa, akazikwa hapa hapa. Mama yetu mdogo ni Mmetodisti. Idi ikifika sahani zinavuka ua kwenda kwa majirani, na Noeli zinarudi zimejaa. Kukataliwa kwa ajili ya dini si jambo tulilolizoea, na nadhani ndiyo sababu lilituuma kiasi kile.

Mdogo wangu alipomaliza mambo ya mahari, familia ilinikabidhi kazi ya kutafuta ukumbi. Niliupata upande wa Bel-Air, komine (tarafa ya mji) ya Kampemba: uwanja wa kutosha magari, jiko la nyuma, na jenereta kubwa, maana SNEL, shirika la umeme, ikikata saa mbili usiku bila jenereta harusi imekwisha. Bei ilikuwa dola 800 kwa usiku mmoja, nusu mkononi. Nikatoa 400. Kijana wa ofisini akaniandikia risiti: jina, tarehe ya sherehe, neno "mariage" (harusi), sahihi na mhuri. Chini kulikuwa na maneno yaliyochapwa kwamba avansi, yaani malipo ya mwanzo, hairudishwi. Hakuna aliyeniuliza dini wala kanisa.

Siku ya kupima ukumbi nilikwenda na mpambaji wetu. Mwenyewe alikuwepo, mzee mtaratibu, anasalimia kwa mikono miwili. Mpambaji akauliza wapiga dufu wawekwe upande gani. Mzee akauliza dufu za nini. Nikamweleza: ndoa itafungwa msikitini, komine tutakwenda kuandikisha, na hapa itakuwa walima, karamu ya harusi, watu wale, kasida zisomwe, wazee waombe dua, basi. Akavua miwani akaiweka mezani. Akaagiza tuletewe soda. Halafu akanionyesha juu ya fremu ya mlango mkubwa, palipokuwa na doa la mafuta lililopenya kwenye rangi nyeupe.

"Mama, msinielewe vibaya," akasema. "Siku ya kufungua nyumba hii pasta alipaka mafuta kila mlango. Nilimwahidi Mungu kwamba ndani humu haitaombwa sala ya dini nyingine. Siwezi kuvunja ahadi ile kwa sababu ya dola 800."

Alisema bila kelele na bila dharau, na mimi niliamini kwamba anaamini. Nasisitiza hilo, maana wengi wakisikia habari hii wanaharakisha kusema kwamba alitafuta tu sababu, labda alipata mteja wa bei ya juu. Hapana. Mtu yule alikuwa na dhamiri yake. Ugumu wa jambo lenyewe uko hapo hapo: upande mmoja mtu mwenye imani ya kweli, upande wa pili bibi harusi ambaye kadi zake zimeshasambazwa.

Nikamuuliza swali ambalo baadaye avoka (wakili) aliniambia ndilo lililobeba kesi yetu. "Papa, tukiacha dufu, tukiacha kasida, tukala tu na kuondoka, utatupokea?" Akanyamaza. Kisha akasema: "Hata hivyo wageni wenu ni wale wale. Watasali tu."

Ukikutwa na jambo kama hili, uliza swali hilo, na uliulize mbele ya shahidi. Mwenye biashara anayesema "kitendo hiki sikifanyi kwa mtu yeyote" ana hoja, na unaweza kujadiliana naye. Anayesema "nyie siwapokei hata mkiacha kitendo hicho" hakatai kitendo tena, anawakataa watu. Na katika ukumbi ule ule Jumamosi nyingine bia za Simba na Tembo zinamiminwa mpaka alfajiri, jambo ambalo kanisa lake halikubali. Kanuni yake kuhusu vitu visivyo vya imani yake ilikuwa inawafunga watu wa dini moja tu. Jioni ile ile niliandika kwenye daftari kila neno alilosema, saa, na waliokuwepo. Mpambaji akatia sahihi yake chini.

Nyumbani palichafuka. Mchumba wa mdogo wangu alilia kwa sauti, na kilichomliza zaidi ilikuwa kufikiria namna ya kuwaambia wajomba zake wanaotoka Kolwezi kwamba "tumefukuzwa". Baba mkubwa alitaka twende moja kwa moja kwenye parke, ofisi ya mwendesha mashitaka, kumshitaki mzee kwa ubaguzi. Vijana walishapiga picha ya geti na kuandaa maneno ya kuisambaza kwenye simu za watu. Nikawazuia, na bado naona nilifanya vema. Kwetu hapa kumtangaza mtu kwa jambo la kumvunjia heshima ni kosa la jinai, na aliyekosewa anaweza kujikuta yeye ndiye anayeitwa na ofisa wa parke. Tena moto wa dini ukishawashwa mjini, anayeuzima si yule aliyeuwasha.

Kila baro (chama cha mawakili) nchini ina ofisi ya mawakili inayotoa ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, na mimi nilianzia huko. Metre (ndivyo tunavyowaita mawakili) aliyenipokea alisoma risiti pande zote mbili kabla ya kuniuliza chochote. Halafu akanifundisha mambo ambayo kila mfanyabiashara na kila mteja wa mji huu angepaswa kuyajua.

Katiba yetu ya Februari 18, 2006 inasema katika ibara ya 1 kwamba nchi haina dini ya serikali. Ibara ya 13 inakataza Mkongomani kubaguliwa na sheria au na kitendo cha serikali katika elimu, kazi za umma au jambo lingine lolote kwa sababu ya dini yake, kabila lake, asili yake au maoni yake. Ibara ya 22 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na mzee wa ukumbi naye yumo humo. Lakini ibara hiyo hiyo inaweka mpaka: uhuru huo unatumika kwa kuheshimu sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Mzee alikuwa ameniambia pia kwamba nyumba ni yake, na ni kweli, ibara ya 34 inasema mali ya mtu binafsi ni takatifu. Hapo ndipo Metre alipofungua ibara mbili ambazo sikuwahi kuzisikia. Ya 60 inasema kuheshimu haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba kunailazimu serikali na kila mtu. Ya 66 inampa kila Mkongomani wajibu wa kumheshimu na kumtendea Mkongomani mwenzake bila ubaguzi wowote.

Nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha. Akanirudisha chini. Katiba imesema, lakini hakuna sheria iliyoweka adhabu kwa duka, hoteli au ukumbi unaomkataa mteja kwa ajili ya dini. Amri ya sheria namba 66-342 ya Juni 7, 1966, ile watu wanayoikimbilia parke, inaadhibu kuonyesha chuki ya rangi, ya kabila au ya jimbo, kuanzia mwezi mmoja hadi miaka miwili gerezani. Dini haimo. Baba mkubwa angekwenda parke na shitaka lake, angerudi mikono mitupu baada ya kulipa watu njiani.

Ingekuwa mimi ni mfanyakazi wa ukumbi ule na nimefukuzwa kwa ajili ya hijabu au msikiti, hali ingekuwa nyingine kabisa. Kodi ya kazi, yaani kitabu cha sheria za kazi, ya Oktoba 16, 2002, kifungu cha 62, inataja dini waziwazi kati ya sababu ambazo haziwezi kuhalalisha kufukuza mtu, na kifungu cha 63 kinamruhusu hakimu kumrudisha kazini au kumpa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Binti wa jirani yetu, Msabato, alifurahi sana nilipomwambia hayo. Ila kwanza lazima upite kwa mkaguzi wa kazi ajaribu kuwapatanisha, la sivyo mahakama ya kazi haikusikilizi. Usichelewe pia, maana madai ya mshahara yana muda wake wa kufa, na muda huo ni mfupi.

Sisi tulibaki na mkataba. Metre aliugonga mhuri wa risiti kwa kidole akasema: "Mama, silaha yako ni hii." Kodi ya kiraia, yaani sheria za kiraia, kitabu cha tatu, ambayo ni dikrii (amri) ya Julai 30, 1888, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Kifungu cha 258 kinasema anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Mzee alipokea pesa za harusi, akaandika harusi, akaweka tarehe. Harusi ya Kiislamu ni harusi. Na yale maneno ya avansi kutorudishwa yanamhusu mteja anayejitoa, hayampi mwenye ukumbi ruhusa ya kufunga mlango na kubaki na pesa. Ibara za Katiba tukaziweka nyuma ya mkataba kama ukuta wa kuegemea, ili kuonyesha kwamba sababu aliyoitoa haikuwa sababu halali ya kuuvunja.

Nilimuuliza Metre kama huko kwa wenzetu mambo haya yamekwisha. Akacheka akasema hayajaisha popote. Kenya waliandika katika Katiba ya 2010, ibara ya 27, kwamba hata mtu binafsi haruhusiwi kumbagua mwenziwe kwa dini. Afrika Kusini wana sheria namba 4 ya mwaka 2000 ya kukuza usawa, yenye mahakama zake za usawa, na inawafikia wafanyabiashara. Marekani walitunga sheria ya haki za kiraia mwaka 1964 inayozuia mikahawa na hoteli kumkataa mtu kwa rangi au dini. Mwenye mikahawa ya Piggie Park, huko South Carolina, akadai kwamba imani yake inamkataza kuwaketisha watu weusi pamoja na weupe, na mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi hiyo haikuona uzito wowote katika hoja hiyo.

Lakini mwaka 2018 mahakama ile ile ilimpa ushindi mwoka keki wa Colorado aliyekataa kutengeneza keki ya harusi ya wanaume wawili. Haikusema kwamba kila mwenye duka anaweza kukataa wateja. Ilisema tume iliyomhukumu iliidharau imani yake badala ya kumsikiliza kwa haki. Mwaka huo huo mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya duka la keki la Ashers la Belfast, lililokataa kuandika juu ya keki maneno ya kuunga mkono ndoa za namna hiyo. Majaji walisema duka halikumkataa mteja kwa jinsi alivyo, lilikataa kuandika ujumbe ambao lisingeuandika kwa mtu yeyote. Kesi hizo ni za mambo mengine na za nchi nyingine, lakini nilipozisikia nikaelewa kwa nini Metre alikuwa akirudi kwenye lile swali langu la dufu. Sisi hatukumwomba mzee asome kasida. Tuliomba meza, viti na umeme.

Metre akaandika barua ya kumtaka mzee atimize mkataba au alipe, na ikapelekwa kwa mkono wa wisye, mpeleka barua wa mahakama, ili asiseme hakuipata. Hapo ushauri wa bure uliishia: barua na wisye vilinigharimu dola 70. Tulidai dola 400 za avansi, dola 60 za kuchapa kadi upya, na tofauti ya gharama za mahali pengine. Usingoje jibu la barua ndipo utafute mahali pengine, maana siku ya harusi haisubiri mahakama. Wakati barua ikienda, sisi tulishakodi uwanja wa shule ya jirani Kamalondo, mahema, viti, taa na jenereta. Mpambaji alikubali kuhamisha kazi bila kuongeza bei, Mungu ambariki. Risiti za vitu vyote hivyo nilizihifadhi, kwa sababu hasara isiyo na karatasi mbele ya hakimu ni hadithi tu.

Mzee hakujibu. Akamtuma mtu aulize kama tunaweza kuonana bila mawakili. Metre akasema nendeni, lakini msitie sahihi chochote hukohuko. Tukaenda na imamu wetu, naye akaja na pasta wake. Nilikwenda na hasira nikidhani pasta ndiye mzizi wa yote, na ikawa yeye ndiye aliyetusaidia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasoma risiti, akamgeukia mzee: "Papa, ahadi yako kwa Mungu mimi siivunji. Lakini ukikataa kazi ya mtu, usikae na malipo yake. Na hasara uliyomtia ni yako." Imamu akasema kwa upande wake hatutaki mzee alazimishwe kufungua mlango kwa chuki, tunataka haki yetu. Mzee aliinamisha kichwa muda mrefu. Akauliza bibi harusi anaendeleaje.

Tukapatana. Dola 400 zilirudi kwa mafungu mawili, na dola 100 juu yake kwa kadi na usumbufu. Ile tofauti ya uwanja hakuilipa yote, nasi tukaiachia, kwa sababu kesi mahakamani ingekula zaidi ya hizo na mdogo wangu alitaka kuingia kwenye ndoa bila kesi. Metre aliandika mapatano, pande zote zikatia sahihi. Nikaomba kifungu kimoja kiongezwe: kuanzia siku hiyo, masharti yoyote ya dini katika ukumbi ule yaandikwe na kuonyeshwa mteja kabla hajatoa hata franka moja. Akakubali.

Hapa mimi na Metre hatukubaliani mpaka leo. Yeye anaona masharti yakishatangazwa mapema, tatizo limekwisha: anayeyakubali aingie, asiyeyakubali aende kwingine. Mimi naona yanaokoa pesa ya mteja tu. Leo Kampemba kuna kumbi nyingi, lakini mwenye famasi moja ya mtaa akitangaza masharti ya namna hiyo, mgonjwa aende wapi? Na mwenye nyumba za kupanga je? Katanga yetu iliona mwaka 1992 na 1993 mambo yaliyowapata ndugu zetu waliotoka Kasai, watu waliozaliwa hapa, wakalala stesheni na vyombo vyao wakisubiri treni. Wale walichambuliwa kwa asili, si kwa dini, lakini aliyeyaona hayo hawezi kutulia akiona mlango wa biashara unaanza kuuliza wewe ni nani.

Na usiniambie sheria ya namna hiyo haiwezekani nchini kwetu. Mwaka 2008 bunge lilitunga sheria ya kuwalinda wanaoishi na virusi vya UKIMWI wasibaguliwe, na mwaka 2022 likatunga sheria ya watu wenye ulemavu na nyingine ya Mbilikimo wenyeji. Kalamu ipo. Ninachodai ni kifungu cha mteja: biashara iliyofunguliwa kwa watu wote isimkatae mtu kwa sababu ya dini au kabila lake, na mwenye biashara asilazimishwe kutamka au kuandika jambo linalopingana na imani yake. Mzee wa ukumbi angelindwa na nusu moja, sisi na nusu nyingine.

Kwa sasa, watu wa ukoo wetu wakikodi ukumbi, tunaomba mstari mmoja uandikwe kwa mkono kwenye risiti kabla ya kutoa pesa: "Mwenye ukumbi anajua kwamba ni sherehe ya Kiislamu, yenye kasida na dua, na ameikubali." Binamu yangu aliupeleka kwenye kumbi tatu mwezi uliopita. Mbili waliuandika bila swali, mmoja hata akauliza kama tutahitaji mahali pa kutawadhia. Wa tatu alikataa, na binamu akatoka na pesa zake zote mfukoni.